Msitu wa Baharini Wapata Wenyewe: Kazi ya Mikoko Katika Gazi na Makongeni

Katika Kaunti ya Kwale, mwendo wa kilomita 50 na zaidi kidogo kusini ya Mombasa, iko ghuba ya Gazi, na kando yake vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Wenyeji wake wengi ni wavuvi na wakulima wadogo. Tangu mwaka 2013 watu hawa wamekuwa na biashara ambayo babu zao wangaliicheka, kwa maana wanapata fedha kwa miti wasiyoikata. Msitu wenyewe ni wa mikoko, ile miti iotayo katika tope la bahari. Jinsi ulivyoharibika, ulivyopandwa upya na unavyotunzwa sasa ni habari ifaayo kusomwa na kila mtu akaaye karibu na msitu, awe wa pwani au wa bara.

MITI IOTAYO MAJINI

Wasomaji ambao hawajaiona mikoko yafaa kwanza waelezwe ni miti ya namna gani. Pwani ya Kenya ina aina tisa za miti hiyo, na wavuvi wazee huzijua kwa majina kama mkulima ajuavyo mbegu zake. Mlilana husimama mbele kabisa, ukielekea bahari, mahali maji yanapofika kila siku. Mbao zake hutoa mataruma ya vyombo. Nyuma yake huota mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopindika na kujikita topeni kama miguu ya kaa. Kisha huja muia na mkandaa. Na nyuma zaidi, kwenye ardhi kavu yenye chumvi nyingi, hukaa mchu na kikandaa. Mkomafi na msikundazi hupenda mahali maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari. Kila aina ina mahali pake, na mtu asiyelijua jambo hilo akipanda, hupanda bure.

Faida za msitu huu si boriti na kuni tu. Mizizi yake hushika tope lisichukuliwe na mawimbi, na hivyo huilinda nchi kavu. Katikati ya mizizi hiyo samaki wadogo na kamba hupata chakula na maficho mpaka wakue na kwenda kwenye maji makuu, ambako mvuvi huwakuta. Kaa na chaza huishi humo humo, na nyuki hupenda maua ya mchu. Mvuvi akiona msitu umekatwa asidhani ya kuwa ni hasara ya seremala peke yake. Baada ya muda hasara hiyo itaonekana katika dema lake.

BIASHARA YA BORITI

Kwa mamia ya miaka mikoko ilikuwa mali ya kuuzwa mbali. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi yalirudi na kusi yamesheheni boriti za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Huku kwetu Afrika ya Mashariki pia, vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mombasa vilikuwa vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Magome ya mkandaa nayo yalitumiwa katika kutengeneza ngozi.

Wafanya biashara waliipanga miti kwa unene wake. Iliyo myembamba kabisa ni fito. Inayofuata ni pau, yenye unene wa sentimita 4 hadi 8. Kisha boriti, kisha nguzo, na iliyo minene kupita yote ni banaa. Yote ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Hesabu hiyo ilikuwa ya miti iliyokwisha kukatwa. Hesabu ya ile iliyobaki ilikuwa kazi ya watu wengine.

Mwaka 1932 Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko yote ya Kenya kuwa misitu ya Serikali, na baada ya uhuru tangazo kama hilo likatolewa tena mwaka 1964. Tangu hapo mtu aliyetaka kukata kwa biashara alipaswa kuwa na leseni. Mwaka 1982 uuzaji wa boriti katika nchi za nje ukapigwa marufuku. Hata hivyo miji ya pwani iliendelea kukua, watu wakahitaji kujenga na kupika, na walinzi wachache hawawezi kuwa katika kila mkono wa bahari kwa wakati mmoja. Wataalamu waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani waligundua ya kuwa kati ya mwaka 1985 na 2010 Kenya ilipoteza karibu asilimia 18 ya mikoko yake.

Katika ghuba ya Gazi pigo kubwa lilikuja katika miaka ya 1970, wakati miti mingi ilipokatwa ili iwe kuni za viwandani. Sehemu nyingine zilikatwa zikabaki tupu kabisa, bila mti mama wa kuangusha mbegu. Mahali kama hapo, mawimbi huondoa tope, mchanga huingia, na jua hukausha ardhi mpaka chumvi ikazidi. Zilipotazamwa mwaka 1991, baadhi ya sehemu hizo zilikuwa bado hazijaota kitu.

Wazee husema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu wa Gazi ulikuwa na tangazo na leseni, lakini watu walioishi kando yake hawakuwa na ukurasa wao katika daftari lake. Aliyekata alipata kitu leo. Aliyeacha kukata hakupata chochote, ila kumwona mwenziwe akiukata mti ule ule kesho.

KUPANDA KWA MAARIFA

Kazi ya kupanda upya ilianza mwaka 1991, ikiongozwa na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo ina kituo chake pale Gazi. Miongoni mwao alikuwa Dkt. James Kairo, ambaye jina lake limejulikana sana katika elimu ya mikoko. Wanakijiji walishirikiana nao katika kukusanya mbegu na kupanda.

Mbegu ya mkoko ina tabia ya ajabu: huchipua ingali juu ya mti. Hurefuka ikawa kama kijiti cha kijani, kisha huanguka na kujichomeka topeni au kuchukuliwa na maji. Mpandaji huokota mbegu zilizokomaa na ambazo hazikutobolewa na wadudu, akazichomeka wima katika tope, mita moja moja. Mbegu za mchu na mlilana ni ndogo, kwa hiyo hukuzwa kwanza kitaluni katika mifuko, mahali panapofikiwa na maji ya bahari, hata ziwe na nguvu ya kustahimili mawimbi.

Upesi ilionekana ya kuwa bidii peke yake haitoshi. Mkoko ukipandwa mahali pa mlilana hupigwa na mawimbi. Ukipandwa mahali pa mchu hufa kwa chumvi na kiu. Kwa hiyo kabla ya kupanda ni lazima kuuliza maswali matatu: ni mti gani uliokuwa hapa zamani, maji hufika mara ngapi, na ni kitu gani kilichouzuia msitu usiote wenyewe. Mara nyingine jibu la swali la tatu huonyesha ya kuwa kupanda si kazi ya kwanza. Huenda ikatosha kuzibua njia ya maji iliyozibwa na kungoja.

Katika mashamba ya kwanza liko moja la mkoko lililopandwa mwaka 1994. Lilipopimwa likiwa na umri wa miaka 12, miti yake ilikuwa na urefu wa mita 8 hivi kwa wastani, na unene wa sentimita 6. Msomaji na azilinganishe hesabu hizo na vipimo vya boriti vilivyotajwa hapo juu. Baada ya miaka 12 ya kungoja, mti wa wastani umefikia pau tu, boriti bado. Lakini mtu mwenye shoka huuangusha kwa dakika chache.

SHERIA YAFUNGUA MLANGO

Kupanda kulikuwa kumefanikiwa, lakini swali la mwenye mali lilikuwa bado. Jibu lilianza kupatikana kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2005. Kwa sheria hiyo, watu wanaokaa karibu na msitu wa Serikali waliruhusiwa kuunda chama chao, kukiandikisha, kufanya mpango wa matunzo pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, na kutia sahihi mapatano ya kuutumia na kuutunza msitu. Sheria mpya ya mwaka 2016 iliyoshika mahali pake iliendeleza ruhusa hiyo.

Yafaa jambo hili lieleweke vema, kwa maana limeleta ubishi mahali pengi. Mapatano hayawafanyi wanakijiji kuwa wenye ardhi ya msitu. Yanawapa haki zilizoandikwa na kazi zilizoandikwa. Wakizishika kazi zao, hakuna afisa awezaye kuwaondolea haki zao kwa kupenda kwake tu. Wakiziacha, hawana la kudai.

Watu wa Gazi na Makongeni walitumia njia hii. Wakiwa chini ya chama cha misitu cha Gogoni na Gazi, walipewa hektari 117 za mikoko, yaani karibu ekari 290, waziangalie. Sehemu kubwa ni msitu wa asili, na kiasi cha hektari 10 ni miti iliyopandwa. Mradi ukaitwa Mikoko Pamoja. Waliahidi mambo matatu: kwamba hawatakata miti katika eneo hilo, kwamba watalilinda, na kwamba kila mwaka watapanda karibu ekari moja, ambayo kwa mita moja moja huchukua miche 4,000 hivi.

FEDHA KWA MITI ISIYOKATWA

Sasa lipo swali ambalo kila msomaji atauliza: ni nani anunuaye mti usiokatwa, naye hupewa nini?

Mti ukikua huvuta hewa ya ukaa kutoka angani na kuifanya kuwa shina, tawi na mzizi. Hewa hiyo, ikizidi, huifanya dunia iwe na joto, na ndiyo itokayo katika viwanda, magari na ndege. Mikoko huishika kwa namna ya pekee, kwa sababu majani na mizizi yake ikifa huzikwa katika tope lisilo na hewa na haiozi upesi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya akiba hiyo imo chini ya ardhi. Msitu ukikatwa na tope likafukuliwa, akiba ya miaka mingi hurudi angani.

Katika nchi nyingine wako watu na makampuni wanaotaka kulipia hewa waliyoichafua. Huwalipa watu wanaotunza misitu, lakini kwa sharti ya kuwa kazi ipimwe, iandikwe, na kuthibitishwa na mtu wa tatu. Mradi wa Gazi ulithibitishwa kwa kanuni ziitwazo Plan Vivo, ambazo huagiza ya kuwa sehemu kubwa ya fedha iwafikie wanakijiji. Shirika moja la hisani lililoandikishwa Uskoti huwatafutia wanunuzi. Hesabu iliyokubaliwa ni kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka, na mapatano ni ya miaka 20 kuanzia mwaka 2013. Huu ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa wanakijiji kuuza hewa ya ukaa ya mikoko, na mwaka 2017 ulipewa Tuzo ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Katika miaka ya kwanza mapato yalikuwa takribani dola 12,000 kwa mwaka. Vijiji hivyo viwili vina watu zaidi ya elfu tano. Kama fedha zingaligawanywa, kila mtu angalipata dola mbili na senti kidogo, naye angalizila kwa siku moja. Kwa hiyo haikufanywa hivyo. Baada ya kulipa walinzi na gharama za kazi, mambo ya kufanywa hujadiliwa katika mikutano ya vijiji, na kamati iliyochaguliwa huyatekeleza. Maji ya bomba yaliletwa, vitabu vya shule vikanunuliwa, na majengo ya shule yakatengenezwa. Mwanamke aliyekuwa akitafuta maji mbali ameona faida ya msitu bila kusoma habari za hewa ya ukaa.

Pamoja na hayo, wanawake wa Gazi wana kazi yao nyingine katika msitu. Imejengwa njia ya mbao ipitayo juu ya tope katikati ya mikoko, na wageni hulipa kidogo ili kutembea juu yake na kuelezwa habari za miti.

MAMBO YALIYO MAGUMU

Isidhaniwe ya kuwa mashaka yamekwisha. Msitu ukifungwa, kuna mtu ambaye jana alikuwa akiishi kwa kuukata. Huyo anajua bei ya korija, ana watoto, na maji ya bomba hayamlishi. Asipofikiriwa, atarudi usiku na shoka lake, na walinzi wachache watapata taabu kumzuia. Kadhalika kila nyumba inapika, na kila kijana anayeoa anataka fito na nguzo za kujengea. Kumwambia asikate bila kumwonyesha mahali pa kupata ni kumfundisha kuiba.

Ndiyo sababu watu wa Gazi walipanda pia mivinje katika nchi kavu. Mvinje hukua upesi, hutoa nguzo na kuni, na kila mti ukatwao huko ni mkoko mmoja uliopona. Kazi hii haina sifa kubwa kama ile ya kuuza hewa, lakini ikilegea, ile nyingine haitasimama.

Jambo jingine ni soko. Mnunuzi wa hewa ya ukaa yuko mbali, na bei yake hupanda na kushuka kama ya kahawa au pamba. Hekima ya msitu wa Gazi ni kwamba haukutegemea jambo hilo moja. Hata kama siku moja wanunuzi wangekosekana, samaki wangekuwapo, asali ingekuwapo, na ukuta wa kuzuia mawimbi ungekuwa umesimama.

Mfano huo umeigwa. Mwaka 2019, katika mpaka wa Kenya na Tanzania, watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu walianzisha mradi wao wenye hektari 460 hivi, mkubwa kuliko ule wa Gazi karibu mara nne.

NENO KWA WAKULIMA WA BARA

Mkulima asiyeijua bahari huenda akasema ya kuwa habari hizi hazimhusu. Lakini bahari hupokea kila kitu kinachoachwa na mto. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipoinyesha nchi, udongo mwingi uliteremka na mito na kumwagika katika mikoko ya Mwache, karibu na Mombasa. Mizizi ya mikoko huvuta pumzi juu ya tope. Udongo ule uliifunika, na miti mingi ikafa ikiwa imesimama, bila kuguswa na shoka. Udongo huo ulikuwa wa mashamba. Mkulima alipoteza rutuba yake, na mvuvi akapoteza msitu wake, kwa mvua ile ile.

Ghuba ya Gazi nayo hupokea maji ya Mkurumuji na Kidogoweni, mito iteremkayo kutoka upande wa Milima ya Shimba. Kwa hiyo mtu achimbaye matuta na kuacha miti katika ukingo wa mto amekuwa mlinzi wa mikoko, hata kama hajapata kuiona.

Kwa wale wanaokaa karibu na msitu wowote, wa mlimani au wa bondeni, kazi ya Gazi inaonyesha mambo manne. La kwanza, haki na ziandikwe. Ahadi ya mdomo huondoka pamoja na afisa aliyeitoa. La pili, msitu na upimwe kabla ya kuanza, ili baada ya miaka mitano ijulikane kama umeongezeka au umepungua. La tatu, kuni na nguzo za watu na zipandiwe mahali pake, kabla msitu haujafungwa. La nne, hesabu ya fedha na isomwe mbele ya watu wote, kwa maana chama kikianza kunong'onezana habari za fedha, msitu hubaki bila mlinzi.

Hakuna hata moja katika hayo lihitajilo mtaalamu kutoka mbali kulianza. Chama huundwa na wanakijiji wenyewe, ofisi ya misitu iliyo karibu hueleza namna ya kukiandikisha na kufanya mpango, na katika kila kijiji hakosekani kijana aliyesoma awezaye kushika daftari. Miti ya Gazi ilichukua zaidi ya miaka 20, tangu mbegu ya kwanza ilipochomekwa topeni mwaka 1991, mpaka fedha ya kwanza kupatikana. Anayetaka msitu wake uwafae wajukuu hana budi kuanza msimu huu.